Tumbo la sungura mdogo: siku 14 za kwanza ndizo zinaamua

Ndugu wanakoperative, katika vikundi vyetu vya Lubumbashi, kuanzia Annexe mpaka kwenye njia ya Kipushi na ile ya Kasenga, habari ya sungura mdogo inafanana karibu kila mahali. Mtu ananunua mtoto wa sungura ku soko, ao anampokea kutoka kwa mwenzake wa kikundi. Siku ya kwanza sungura anaruka-ruka, watoto wa nyumba wanafurahi, kila mmoja anamletea kitu: huyu jani la shu, yule kipande cha bukari, mwingine ganda la ndizi. Siku ya tatu anakaa kwenye kona, amejikunja. Siku ya ine mkia umelowa. Siku ya tano amekufa.

Kisha maneno yanaanza. Aliyenunua anasema ameuziwa nyama mgonjwa. Aliyeuza anasema sungura alitoka kwake mzima, aulizwe yule aliyemlisha. Na wengine, tusifichane, wanaanza kuangalia jirani kwa jicho baya. Pale ambapo kikundi kinafanya mkopo wa kuzunguka, kwamba kila anayepokea jike anarudisha watoto wawili kwa wenzake, kifo kimoja kinakata mnyororo mzima. Yule aliyekuwa anangoja zamu yake anabaki mikono mitupu.

Mara nyingi hakuna mwizi wala mchawi katika habari hii. Iko tumbo. Tukielewa namna tumbo la sungura linavyofanya kazi, wengi wa hawa wadogo wanaweza kupona, tena bila kununua dawa hata moja.

Tumbo linalofanana na kinu

Mbuzi na ng'ombe wanatafuna chakula mara mbili kwa kukirudisha mdomoni. Sungura hawezi. Hawezi hata kutapika. Kitu kikishaingia, njia ni moja tu: mbele. Tumbo lake lina misuli dhaifu, na kinachosukuma chakula ni chakula kingine kinachofuata nyuma. Ni sawa na kinu cha muhindi: ukiacha kumimina juu, chini hakitoki kitu. Ndiyo maana sungura mzima anakula kidogo kidogo mchana na usiku, na ndiyo maana sungura ambaye amekaa nusu siku bila kugusa chakula ni mgonjwa tayari, hata kama macho yake yanang'aa.

Baada ya utumbo mdogo kuna mfuko mkubwa unaoitwa sekamu. Huo peke yake unabeba karibu 40 kwa mia ya vyote vilivyo ndani ya tumbo na matumbo. Mle wanakaa bakteria wengi sana, na hao ndio wapishi wake. Wanachachusha nyuzinyuzi za majani na kuzigeuza kuwa nguvu na vitamini. Hao wapishi wamezoea chakula fulani. Ukibadilisha ghafula, wapishi wazuri wanakufa njaa, na wabaya wanaongezeka upesi, wanatoa hewa na sumu. Njo pale kuhara kunaanza.

Kuna jambo moja linalowashangaza wafugaji wapya. Sungura anatoa mavi ya namna mbili. Ya kwanza ni yale magumu, ya duara, makavu. Ya pili ni laini, yanang'aa, yameshikana kama vishanga, na sungura anayala moja kwa moja kutoka kwenye mkundu wake, zaidi usiku na asubuhi mapema. Huu si ugonjwa wala uchafu. Ni mara ya pili ya kula kile ambacho wapishi wa sekamu wametengeneza. Muganga wa wanyama Mfaransa kwa jina Morot aliandika habari hiyo tangu mwaka 1882. Kwa hiyo ukiona asubuhi vishanga laini vichache chini ya kizimba, hapana kuogopa. Ukiviona vingi kila siku, maana yake sungura anashiba vyakula vitamu, kama pumba na provende, na hana haja tena ya kuvila. Punguza hivyo, ongeza majani makavu. Kuhara kwa kweli ni kitu kingine: ni maji maji ao uji, yananuka sana, na yanapaka manyoya ya nyuma.

Kwa nini mdogo ndiye anayekufa

Mama sungura ananyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika chache. Watoto wanaanza kuonja majani wakiwa na wiki tatu hivi. Muda wanaponyonya, maziwa yanawalinda: yana mafuta yanayozuia bakteria wabaya. Sungura mkubwa naye analindwa kwa njia nyingine: tumbo lake lina asidi kali sana, bakteria wengi wanaoingia na chakula wanakufa mle.

Mtoto aliyeachishwa maziwa yuko katikati. Ulinzi wa maziwa umeondoka, na asidi ya tumbo haijakomaa. Kati ya wiki ya ine na ya nane, mlango uko wazi. Na ni katika wiki hizo hasa ndipo tunamuuza, tunamfunga ndani ya katoni, tunampandisha pikipiki kwenye jua na vumbi, tunamtenga na ndugu zake, tunambadilishia maji, chakula na harufu ya nyumba, vyote siku moja. Hata mtu mkubwa akifanyiwa hivyo tumbo lake litamsumbua.

Muuzaji naye ana haraka yake. Anataka jike lipande tena upesi, kizimba ni kidogo, na ada ya shule inangoja. Anauza watoto wa wiki ine. Ni faida ya siku moja, lakini jina lake linaharibika kikundini. Ushauri wetu ni huu: mwachishe mtoto akiwa na wiki tano ao sita, tena kwa kumtoa mama na kuwaacha watoto katika kizimba chao walichozoea. Wakae pamoja mpaka wiki ya nane. Ndipo watoke.

Siku ya kununua: angalia nyuma kabla ya kuangalia manyoya

Wengi wanachagua sungura kwa rangi. Anza upande wa mkia. Manyoya pale yawe makavu na safi. Shika tumbo pole pole: liwe laini, si gumu kama ngoma, wala lisitoe mlio wa maji. Pitisha kidole kwenye uti wa mgongo; ukisikia mifupa imetokeza kama meno ya msumeno, mwache. Angalia meno ya mbele yakutane vizuri, kwa sababu meno ya sungura yanaota maisha yote, na yakipishana hawezi kula. Mwisho angalia ndugu zake waliobaki ndani: kama mmoja anahara, usinunue hata yule aliye mzima.

Kisha uliza maneno mawili: amezaliwa tarehe gani, na anakula nini hapa? Omba kabisa mfuko mdogo wa chakula kile kile, cha kutosha wiki mbili. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Katika mkopo wa kuzunguka, mfuko huu ungepaswa kwenda pamoja na sungura kama vile kitenge kinavyoenda na bibi arusi.

Siku 14, hatua kwa hatua

*Siku ya 1 mpaka ya 3.* Mahali pa kimya, pasipo na upepo wala mbwa. Maji safi masaa yote, katika chombo kizito kisichopinduka. Majani makavu kadiri anavyotaka. Chakula cha muuzaji, nusu ya kile alichozoea. Hakuna kitu kipya. Watoto wa nyumba waambiwe wazi: kumwangalia ndiyo, kumlisha hapana.

*Siku ya 4 mpaka ya 7.* Kama anakula na mavi yake ni ya duara na makavu, rudisha kipimo chake chote, na uanze kuchanganya: sehemu tatu za chakula cha zamani, sehemu moja ya chakula chako.

*Siku ya 8 mpaka ya 10.* Nusu kwa nusu. Hapa unaweza kuanza jani bichi la aina moja, mkono mdogo tu. Aina moja kwa siku mbili tatu, kisha ndipo aina nyingine. Kama alishazoea jani fulani kwa muuzaji, anza na hilo hilo.

*Siku ya 11 mpaka ya 14.* Sehemu moja ya zamani, tatu za kwako. Kuanzia siku ya 15 anakula chakula cha nyumba yako.

Siku yoyote mavi yakilainika, rudi nyuma hatua moja na uondoe kijani chote. Kurudi nyuma siku mbili ni afadhali kuliko kuchimba shimo.

Tena, mweke mbali na sungura wako wengine muda wa wiki tatu. Mhudumie wa mwisho, kisha nawa mikono.

Chakula gani, na kipi hapana

Msingi ni nyuzinyuzi ndefu: majani makavu ya porini, matete machanga yaliyokaushwa, majani ya karanga baada ya kuvuna. Matembele ni mazuri, lakini yanyaushwe kwanza. Majani ya muhindi na ya migomba pia yanafaa.

Pumba ya muhindi tunayo nyingi, na ni rahisi, ndiyo maana inaua wengi. Ina wanga mwingi. Kwa mtoto wa wiki sita, wanga usiosagika unafika kwenye sekamu na kuwalisha bakteria wabaya. Ivyo ivyo bukari, mkate, na yale machicha ya pombe ambayo wafugaji wa nguruwe wanaita drêche. Nguruwe anaweza, sungura mdogo hapana.

Shu inaleta hewa tumboni. Sombe mbichi ina sumu ile ile inayotufanya sisi tuipike muda mrefu. Majani ya avoka, mti ulio karibu katika kila lupango hapa mjini, ni sumu kwa sungura. Majani ya nyanya, ya viazi vya kizungu na ya mbarika pia ni hatari.

Namna ya kukata ina maana kama aina ya jani. Majira ya mvua, toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu ao wa ine, majani ni machanga, yamejaa maji, na nyuzinyuzi ni chache. Ukiyakata asubuhi na umande, ukayarundika ndani ya mfuko, baada ya masaa machache weka mkono ndani: utasikia moto. Yameanza kuchacha. Sungura akiyala, kuchacha kunaendelea tumboni. Kata umande ukishakauka, yatandaze kwenye kivuli yanyauke, lisha siku ile ile.

Akiba ya kiangazi inatengenezwa mwisho wa mvua. Mwezi wa ine na wa tano, majani yanapoanza kutoa maua, kata, tandaza kivulini siku mbili tatu ukigeuza, kisha funga na uweke juu, mahali pakavu. Ukingoja mwezi wa nane, moto wa pori utakuwa umepita mbele yako. Na mwezi wa sita na wa saba, usiku Lubumbashi kuna baridi kweli: funika kizimba kwa mifuko upande wa upepo. Mtoto anayetetemeka anatumia nguvu zote kujipasha moto, tumbo linabaki bila kitu.

Neno moja kwa wale wanaoishi karibu na viwanda vya zamani vya shaba. Walimu wa agronomia wa UNILU wamechunguza udongo wa Penga Penga na sehemu zilizo chini ya upepo wa kiwanda, na shida ya metali katika udongo ule inajulikana. Hapana kukata majani ya sungura pale, wala kando ya barabara ya magari makubwa. Sungura anakula majani, sisi tunakula sungura.

Koksidia: adui asiyeonekana

Kuhara si chakula tu. Kuna vidudu vidogo sana vinavyoitwa koksidia. Mholanzi Leeuwenhoek aliona mayai yao mwaka 1674, kwa darubini yake, ndani ya nyongo ya sungura. Sungura wakubwa wengi wanavibeba bila kuugua, wadogo ndio wanaokufa. Tumbo linavimba, mwili unakonda, kuhara kunakuja, pengine kuna damu.

Jambo la kukumbuka ni hili: mayai yanayotoka na mavi hayawezi kuambukiza mara moja. Yanahitaji siku moja mpaka tatu kwenye unyevu na joto ili yakomae. Kwa hiyo anayetoa mavi kila siku anashinda ugonjwa bila dawa. Anayefagia mara moja kwa wiki anafuga koksidia. Sakafu iwe ya waya ao ya fito zenye nafasi, mavi yaanguke chini. Chakula kisilale sakafuni. Dawa nyingi za kusafishia haziyaui mayai hayo. Maji yanayochemka na jua kali yanafanya kazi.

Zipo dawa za koksidia, kama amproliumu na zile za ukoo wa sulfa. Kipimo kinategemea kilo za nyama, basi muulize veterineri. Muulize pia siku ngapi za kungoja kabla ya kuchinja.

Akianza kuugua

Dalili ni hizi: anakataa chakula, hakuna mavi chini ya kizimba, anasaga meno, amejikunja, tumbo limejaa hewa, nyuma kumelowa. Mtoto anayehara anaweza kufa katika siku moja ao mbili, kwa hiyo usingoje kesho.

Mtenge. Mpe joto: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Ondoa pumba, provende na kijani chote, acha majani makavu tu. Tengeneza yale maji tunayowapa watoto wanaohara: litri moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojaa kilima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe kwa sirenge isiyo na sindano, kando ya mdomo, kidogo kidogo, mara nyingi. Kama hamezi, acha, yasije yakaingia kwenye mapafu. Tumbo likiwa gumu kama ngoma, usilikande kwa nguvu. Hapo ni kumwita veterineri mara moja.

Sasa sikilizeni vizuri. Utasikia mtu anasema: "Fungua kapsile ya amoksi, umuwekee ndani ya maji, atapona." Hapana. Amoksisilini, ampisilini, penisilini, linkomisini na eritromisini, zikipitia mdomoni, zinaua wapishi wazuri wa sekamu na kuwaachia nafasi wale wanaotoa sumu. Sungura aliyekuwa na kuhara kidogo anakufa kwa dawa. Dawa inayoponya mtoto wako si lazima iponye sungura wako. Antibiotiki yoyote ipite kwanza kwa veterineri.

Akikufa, msimle, wala msimtupie mbwa. Kama kituo hakiko mbali, mpeleke siku ile ile, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Mjini hapa UNILU ina kitivo cha tiba ya mifugo. Muganga akimfungua ataangalia maini: madoa meupe yanaonyesha koksidia ya maini. Mkijua sababu, waliobaki wanapona. La sivyo, zika chini kabisa ao choma.

Ya kujadili katika mkutano

Haya si mambo ya mtu mmoja. Tunashauri kila kikundi kipitishe kanuni tatu, ziandikwe katika daftari la kikundi. Ya kwanza: hakuna sungura anayetoka kwa mwenyewe kabla ya wiki nane. Ya pili: kila sungura anatoka na karatasi ya tarehe ya kuzaliwa na mfuko wa chakula cha wiki mbili. Ya tatu: siku 14 za kwanza hasara inabebwa na pande mbili, anayetoa na anayepokea, nusu kwa nusu, iwapo anayepokea alifuata hatua tulizoandika hapa. Anayelisha bukari siku ya kwanza abebe mwenyewe.

Kanuni ya tatu italeta kelele, tunajua. Wale wenye majike mengi watasema inawaumiza. Lakini hesabu ni nyepesi: muuzaji anayejua kwamba atalipa nusu hatauza mtoto wa wiki ine, na mnunuzi anayejua kwamba atapoteza nusu atafagia kila asubuhi. Wafugaji wawili wenye haki na wajibu sawa hawatafuti mchawi.

Chagueni mama ao kijana mmoja katika kikundi awe anapita kuangalia sungura wapya siku ya tatu, ya saba na ya kumi na ine. Dakika tano zinatosha: mkia, tumbo, mavi, maji. Aandike. Mwisho wa msimu mlete daftari kwa agronome wenu, tuhesabu pamoja wangapi waliingia na wangapi wako hai.